Wakimbiaji Walioshindana Kulala

Asubuhi niliyoanza kazi hii sikujua kwamba ninakwenda kazini. Niliamka katika chumba changu cha kupanga kule Katandala, nikatazama ukuta, ukuta nao ukanitazama, nikaona tumechokana. Nikatia shati na blanketi kwenye kiroba, nikarudisha ufunguo kwa mama mwenye nyumba, nikatoka. Sikuwa nimegombana na mtu.

"Unakwenda wapi, Kiguu?" akauliza.

"Nitajua nikifika."

Kiguu ni kifupi cha kiguu na njia. Nimeitwa hivyo tangu ujana na sijawahi kulikataa jina. Shule niliacha darasa la tano. Sikuwa mzito wa kichwa, ila dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na kila lori lililopita niliondoka nalo kwa mawazo mpaka siku moja nikaondoka nalo kweli. Nimepakia mahindi, nimefyatua matofali, nimechunga ng'ombe wa watu bondeni Rukwa. Popote nilipofika nilikuwa nauliza maswali mpaka nafukuzwa.

Ilikuwa mwezi wa sita, na ukungu wa Ufipa mnaujua. Unalala juu ya nyasi kama blanketi ambalo mtu amesahau kulikunja, na ukitembea ndani yake unasikia mambo kabla ya kuyaona. Nilikuwa nje ya mji, njia ya kuelekea Chala, nikasikia pumzi. Kisha nyayo. Halafu wakatokea vijana, mvuke unawatoka mabegani kama maksai waliofunguliwa kwenye jembe. Wakanipita bila neno, ukungu ukawameza. Nikabaki nimesimama katikati ya barabara, sina hakika kama nimewaona au nimeota.

Nyuma yao ikaja pikipiki, ikakohoa, ikazimika mbele yangu. Nyuma ya dereva amekaa mwanamke aliyekumbatia mizani ya kupimia watu, kama mtu aliyebeba mtoto.

"Kaka, samahani," akasema. "Nishikie hii kidogo."

Nikaishika. Niliishika miaka mingi.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia sasa kwenye kazi hii ya kuwatunza wanamichezo, mna vyeti na mna simu zinazosoma mapigo ya moyo. Mimi nimestaafu, kama mtu wa aina yangu anaweza kustaafu. Sina somo la kuwapa kwa mpangilio. Nina vipande tu, nitavitoa jinsi vitakavyonijia.

Yule mwanamke aliitwa Dokta Anitha. Alitoka Dodoma kutafiti kambi ndogo ya wakimbiaji iliyokuwa pembeni ya mji wetu, nyumba ndefu ya bati yenye uwanja wa nyasi na mbwa mmoja. Alitaka kujua kinachotokea ndani ya mwili wa mkimbiaji baada ya mazoezi: anakula nini, analalaje, miguu yake inarudi lini kuwa miguu.

"Kukimbia kila mtu anakuona," aliniambia siku ile ya kwanza, tukisukuma pikipiki. "Mimi nataka kile kisichoonekana."

Niliposikia hivyo nilijua sitaondoka mapema.

Alinifundisha kwa maneno ambayo nayatumia hadi leo. Mtu anapokimbia, alisema, anabomoa. Misuli inachanika vipande vidogo sana, akiba ya chakula iliyomo ndani yake inakwisha, maji yanatoka. Akimaliza kukimbia ndipo mafundi wanaingia kazini. Chakula ni tofali na saruji. Usingizi ndio saa zao za kazi. Ukimnyima mtu usingizi umewafungia mafundi nje ya geti, na tofali zako zimelundikana uani bure.

"Wanaingia saa ngapi?" nikauliza.

"Taa ikizimwa."

Kwa siku nyingi baada ya hapo nilikuwa nikilala naweka kiganja juu ya paja, nisikilize kama nitawasikia wakigonga. Wakati mwingine nilidhani nawasikia. Ulikuwa upepo kwenye bati, nadhani, lakini nililala vizuri sana miezi ile.

Kocha wa kambi alikuwa Oswadi, mtu wa zamani, mwenye filimbi shingoni hata kanisani. Imani yake ilikuwa kwamba maji njiani ni ya watalii. Vijana walikimbia mpaka midomo inapasuka, na yeye anajivunia. Kazi yangu ilikuwa kuwapima uzito kabla ya mbio ndefu na baada yake. Kijana mmoja, Fidelis, mcheshi wa kambi, alirudi siku moja uzito umemshuka vibaya, akatembea moja kwa moja akakumbatia mkaratusi akidhani ni kocha. Akauomba radhi mti ule kwa kuchelewa.

Kocha hakucheka. Kesho yake ndoo za maji zilikuwa njiani, na wiki iliyofuata nilimsikia akimwambia mgeni, "Mimi siku zote nasema maji." Msibishane na mtu wa namna hiyo. Akishafika mnapotaka afike, muacheni aamini alikuwepo tangu mwanzo.

Jambo jingine dogo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mwili unalia kiu, hata kama mwenyewe anasema hana kiu. Hili halihitaji mashine.

Na chakula. Vijana waliamini tumbo tupu ndilo jepesi, basi walimaliza mazoezi asubuhi na kukaa hivyo hivyo hadi jioni, kisha wanakula ugali kwa hasira na kulala wakiwa wamevimbiwa. Dokta akaniambia nipike kitu cha kuwasubiri pale wanapomalizia, kabla hawajakaa chini. Nikapika uji wa ulezi na karanga zilizosagwa. Mara ya kwanza niliuunguza, wakaunywa wakidhani ndiyo dawa yenyewe, na nilipopika mzuri Fidelis akauliza mbona leo dawa haijakolea. Mchana maharage na ugali, jioni dagaa au mayai yakipatikana. Hakuna kilichotoka mbali. Mama zao walikuwa wakiwapikia vitu hivyo hivyo. Kilichobadilika ni saa ya kula tu.

Na kuchua. Tumieni mafuta ya alizeti, yapasheni kiganjani, na mikono itoke kwenye kifundo ikipanda kuelekea moyoni, isirudi nyuma kwa nguvu. Mguu uliochoka una sehemu inayokuwa ngumu kama hindi bichi ndani ya ganda lake. Msiigombeze. Wekeni dole gumba hapo, msubiri, mwenye mguu aongee. Nimesikia mengi kwa njia hiyo, na hadithi ninayotaka kuwapa leo ilianzia hapo.

Lakini kwanza niwaeleze tulivyokuwa tukiuliza usingizi.

Miezi ya mwanzo Dokta alinituma kila asubuhi nipite kitanda kwa kitanda.

"Umelalaje, Fidelis?"

"Salama, mzee. Sijui wewe?"

"Salama. Leokadia, umelalaje?"

"Shikamoo. Salama tu."

Kulikuwa na kijana mwenye jino lililoumua shavu zima kama unga wa maandazi. "Umelalaje?" "Salama."

Nikapeleka majibu. Dokta akayasoma, akavua miwani. "Kiguu, kambi hii inalala vizuri kuliko mbinguni."

Ndipo tukatambua kwamba hatukuwa tunauliza. Tulikuwa tunasalimiana. Nani kwetu atasalimiwa asubuhi, aanze kukumwagia ndoto zake mbaya kabla hajanawa uso? Hata anayekata roho ataanza na salama, kisha ndiyo aseme "ila." Basi nikachukua kopo la mafuta, nikalitoboa tundu juu, nikaweka bakuli la mahindi na bakuli la maharage pembeni, nyuma ya pazia. Aliyelala vizuri atumbukize punje ya hindi, aliyelala vibaya haragwe, na asiwepo mtu wa kumwona. Asubuhi ya kwanza kopo lilijaa maharage.

Lile kopo lilitufaa sana. Vyumba vilibadilishwa, magodoro yaliyoshika maji yakatupwa, simu zikaanza kulala jikoni kwangu. Laiti tungeishia hapo.

Mwaka uliofuata mradi wa Dokta ulileta saa za kuvaa mkononi. Zilikuwa nyembamba, nyeusi, hazina mishale. Mtu akilala inahesabu jinsi mkono wake unavyotulia, asubuhi inakupa namba ya usingizi. Dokta alizigawa kwa moyo safi. Ila kulikuwa na Kocha Oswadi, na Kocha Oswadi hakuweza kuona namba bila kuzipanga. Asubuhi hiyo hiyo akachukua chaki, akaandika mlangoni: wa kwanza kulala, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho.

Nyinyi mnawajua wakimbiaji. Ukiwaambia wavuke barabara watashindana kuvuka.

"Wewe Fidelis! Hata kulala umeshindwa?"

"Subiri leo usiku, mtanikoma."

"Usingizi wako wa kuku, mshikaji. Mguu mmoja juu!"

Wakaanza kuingia vitandani kabla jua halijazama. Waliacha kunywa maji jioni wasije wakaamka kwenda chooni wakapoteza nafasi. Fidelis, alipoona kila siku ni wa mwisho, akamfunga mbwa wa kambi saa yake mguuni akiamini mbwa hulala kutwa kucha. Mbwa wetu alikuwa mlinzi mwaminifu. Asubuhi namba ilisoma kwamba Fidelis hakufumba jicho, na kwamba usiku alizunguka uzio wote. Tulicheka mpaka Kocha akapuliza filimbi.

Aliyeshika nafasi ya kwanza kila siku alikuwa Leokadia.

Leokadia alikuwa binti wa wakulima wa Chala, mwembamba, mkimya, mwenye macho ya mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Alikuwa wa kwanza kupanda kilima, wa kwanza kumaliza, na sasa wa kwanza kulala. Mlangoni jina lake halikushuka. Nasi tulifurahi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na safari mbele yake. Mradi ulikuwa unakaribia kwisha na kambi ingefungwa. Mlango mmoja tu ulikuwa umebaki: mbio za kanda, ambazo mwaka ule zilipelekwa Kirando, ziwani, watu wakasema ni kwa sababu mfadhili alikuwa tajiri wa dagaa. Mwalimu wa kambi kubwa ya Arusha angekuja kutazama, achague binti mmoja au wawili. Asipochaguliwa, Leokadia angerudi Chala kulima, na angebaki anakimbia tu mvua ikimkuta shambani. Hayo alinieleza mwenyewe, bila kulalamika, na akaongeza, "Kulima nakupenda, Babu. Lakini kulima kutanisubiri. Miguu haitanisubiri."

Kisha miguu yake ikaanza kufa.

Ilianza kwenye kile kilima alichozoea kukipanda kama ngazi ya kwao. Siku hiyo wawili walimpita. Siku nyingine wanne. Akawa na hasira za karibu, sahani yake inarudi jikoni na ugali wenye alama ya kidole kimoja. Asubuhi nikimshika mkono kupima mapigo kabla hajainuka, moyo unakwenda mbio kama mtu aliyeamshwa na wezi. Dokta akapunguza mazoezi. Haikusaidia. Akaongeza chakula. Haikuliwa. Na kila asubuhi pale mlangoni: Leokadia, wa kwanza kulala. Dokta alikuwa akisimama mbele ya ule mlango na kikombe cha chai hadi chai inapoa.

Mchana mmoja nilikuwa namchua Leokadia nje, kwenye benchi, upepo unalaza nyasi upande mmoja kama mtu anayechana nywele. Nilifika kwenye ule ugumu nyuma ya paja, nikaweka dole gumba, nikasubiri.

"Babu Kiguu."

"Naam."

"Ukipewa siri unaweza kukaa nayo?"

"Inategemea uzito wake."

"Mimi silali."

"Saa inasema unatushinda wote."

"Saa inaona mkono. Nauweka kifuani kimya. Nalala chali kama marehemu, nahesabu mbao za paa. Nikisikia natamani kujigeuza, najizuia. Nikigeuka watanipita."

"Tangu lini?"

"Tangu jina langu likae juu pale mlangoni." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nikifumba macho naona ile chaki."

Nikaendelea kumchua, maana nikiacha mkono angefikiri nimeshtuka. Kisha nikamwambia, "Hii imenizidi uzito. Nipe ruhusa nimgawie Dokta."

"Atanirudisha nyumbani."

"Atakurudisha kitandani."

Akacheka, kisha akalia, nami nikampa taulo lenye mafuta ya alizeti, ndilo lililokuwepo.

Nataka mjue Dokta Anitha alifanya nini, kwa sababu nimeona wasomi na nimeona wasiosoma, na wachache mno wa pande zote mbili wangefanya hivyo. Hakumwita Leokadia. Nilipomaliza kumweleza, kwa ruhusa ya binti, aliinuka kwenye ngazi ya jikoni alipokuwa amekaa. Kisha akachukua kitambaa, akakilowesha, akaufuta ule mlango mwenyewe mpaka mbao zikang'aa. Akaomba sufuria yangu kubwa ya uji, akapita kila kitanda, akakusanya saa zote ndani yake.

"Nilitaka kuupima usingizi wenu," akawaambia, "nikauvunja. Hakuna aliyekosea hapa isipokuwa mimi."

Kocha Oswadi alishtuka kuliko wote. "Sasa, Dokta, tutajuaje nani amelala?"

"Hatutajua."

"Halafu?"

"Halafu watalala."

Vijana wangu, muda wote mtakaofanya kazi hii mtapewa vyombo vya kupimia, na vitazidi kuwa vizuri. Vitumieni. Mimi nilivipenda na ningekuwa na nguvu ningevifungua nione vilivyomo. Ila kabla ya kumvalisha mtu chombo, jiulizeni atafanya nini akijua kwamba anatazamwa. Moyo unaweza kuutazama na usijali. Usingizi ukitazamwa unajua.

Haukumrudia Leokadia mara moja. Usiku wa kwanza bila saa alikaa macho vile vile, asubuhi akaja jikoni na uso wa majivu. Nilikuwa stoo napukuchua mahindi. Akakaa juu ya magunia ya ulezi kunisubiri nimalize nimpe uji. Nikamwambia subiri kidogo. Nikapukuchua gunzi, nikapukuchua la pili, punje zinaanguka kwenye beseni kama mvua ya mbali, na ukungu unaingia mlangoni pole pole unapapasa sakafu. Nilipogeuka na kikombe, alikuwa ameinama upande, mdomo wazi, amelala.

Sikumaliza kazi ile hata mchana. Niliogopa kuacha kupukuchua asije akaamka kwa kimya. Nilipukuchua mahindi ya wiki nzima. Fidelis alichungulia mara moja, nikamtolea jicho, akarudi nyuma kwa vidole vya miguu kama anatoka sakristia. Nami nikiwa pale, mikono inakwenda yenyewe, niliona mambo: nilimwona Leokadia akitembea ndani ya shamba la ulezi lisilo na mwisho, masuke yanamfika mabegani, na kila alipopita nyuma yake palijengwa kitu. Sijui kama nilisinzia. Nikiwa macho pia huwa naona hivyo.

Baada ya hapo alikuwa akisinzia mchana, kisha jioni kidogo, kisha usiku nao ukaanza kumkubali vipande vipande. Hamu ya kula ikafuata. Kile kilima akakipanda wa tatu. Lakini siku zilikuwa zimekwisha, na alipopanda gari kwenda Kirando, alikuwa nyumba iliyofika kwenye linta, juu ya madirisha, haijaezekwa. Usiku mmoja mbovu ungeweza kuibomoa.

Nitawaambia kabisa alivyokimbia, ili msinisikilize kwa pupa. Alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa binti wa Mpanda aliyekimbia kama amefukuzwa na nyuki, na hata leo sina la kusema juu ya yule. Mwalimu wa Arusha aliwachukua wote wawili. Hayo mengine yalitokea mbele ya watu wengi na kila mmoja ana namna yake ya kuyasimulia. Ninachotaka kuwaachia mimi ni alasiri ya siku iliyotangulia.

Dokta alikuwa ameitwa Dodoma kufunga hesabu za mradi. Tukashuka mimi, Kocha na Leokadia. Ukipita Namanyere barabara inaanza kuinama, na masikio yanaziba, na unavua koti, kisha sweta. Hewa ikawa nzito na tamu kama uji wenye sukari nyingi. Chini kabisa ziwa lilikuwa limetulia, halina ukingo wa mbali, kiasi kwamba boti moja ilionekana imetundikwa hewani. Mimi niliyezunguka kote nilikuwa sijawahi kufika Kirando. Nilisikia moyo unanidunda kama wa kijana.

Waandaaji walikuwa wametupa gesti. Ukuta wake mmoja ulikuwa wa baa, na baani walikuwa wanafunga spika ndefu kuliko milango kwa ajili ya kuwakaribisha wageni wa mbio.

"Zitazimwa saa ngapi?" nikamuuliza mhudumu.

"Zizimwe?" akasema, kwa mshangao wa kweli.

Leokadia alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono kifuani. Nikaijua ile mikono.

"Jikaze, mwanangu, ulale," Kocha akamwambia, naye alikuwa na huruma kabisa. "Usingizi ni jambo la kuamua tu. Leo ndiyo usiku wa maana. Ukilala leo umeshinda." Kila neno lilikuwa linapigilia msumari.

Nikatoka. Kutafuta pa kulala ndiyo elimu pekee niliyoimaliza. Hukai ukiuliza gesti iko wapi. Unatembea, unasikiliza. Nikapita sokoni, nikapita mwambao ambako dagaa walianikwa mchangani na juu ya vichanja, wanametameta kama mji uliomwagikiwa sindano. Kila mahali kelele. Kisha nikaingia kichochoro kimoja, kelele zikakatika.

Jua lilikuwa bado juu, lakini kichochoro kizima kilikuwa kimya. Watoto walicheza mpira wa makaratasi bila kupiga kelele, aliyefunga goli akashangilia kwa kuruka tu. Bodaboda ilikuja, na mama mmoja mnene aliyekaa barazani anachambua dagaa akainua mwiko. Dereva akazima injini, akashuka, akaisukuma mpaka mwisho wa nyumba zile, huko ndiko akaiwasha.

"Hamjambo hapa," nikasema kwa kunong'ona, bila kujua kwa nini.

"Hatujambo. Karibu. Ongea hivyo hivyo, nina watu wamelala."

Aliitwa Mama Shabani. Wanawe walikuwa wavuvi wa dagaa. Zile zilikuwa siku za giza, mwezi haupo, na dagaa hufuatwa na taa gizani, kwa hiyo vijana wote wa kichochoro kile walikuwa wanatoka na jua likizama, wanarudi kunapopambazuka, wanalala mchana. Mtaa mzima ulikuwa umejifunza kunyamaza jua likiwa juu.

"Basi vitanda vyako, mama," nikasema taratibu, kwa maana jambo lilikuwa linanijia kama ndoto inavyojipanga, "usiku vinakuwa na nani?"

Akanitazama. "Vitupu. Mchana vina watu, usiku vina baridi. Kwa nini?"

Nikamweleza habari za Leokadia. Sikumficha kitu, hata mbao za paa alizohesabu. Alisikiliza mikono ikichambua, kubwa huku, ndogo kule.

"Mtoto wa watu ananyimwa usingizi na saa?"

"Na sisi tuliomvalisha."

"Mlete. Kunipa hela usinipe. Wewe utanisaidia hawa dagaa, maana naona una mikono inayohangaika."

Nilipomleta, Kocha tumemwacha gesti, mwanawe mdogo Mama Shabani alikuwa ndiyo anaamka. Alitoka akijinyoosha, godoro limemwachia mistari shavuni, akasema "Shikamoo, mzee," akachukua taa na kapu lake, akashuka kuelekea majini. Mama Shabani akaingia, akageuza godoro, akatandika kanga.

"Shikamoo, mama," Leokadia akasema mlangoni, amebana kimfuko chake.

"Marahaba, mwanangu. Viatu acha hapo. Kula hii samaki kwanza, na wali, umalize." Akamtazama akila mpaka akamaliza. "Sasa sikiliza. Humu ndani hakuna atakayekuuliza kama umelala. Ukitaka kulala lala, ukitaka kukaa macho kaa. Ninachotaka mimi, mwanangu akirudi alfajiri akute kitanda chake hakina mtu. Anarudi amelowa na hana adabu."

Leokadia akaangua kicheko, kile cha tumboni, kisha akajiziba mdomo kwa kukumbuka kichochoro.

"Cheka tu. Wenye kulala wameshaamka."

Akaingia, akavuta pazia. Mimi nikapewa mkeka barazani na beseni la dagaa. Jua likazama na kichochoro kikaanza kupata sauti zake: redio, mtoto anayeitwa, mtwangio. Nilichambua, kubwa huku, ndogo kule. Ndani hapakusikika kitu. Huenda alikuwa amelala, huenda alikuwa macho. Nilijikuta nimeinua shingo kuelekea pazia.

"Wee," akasema Mama Shabani bila kunitazama. "Dagaa."

Nikashusha shingo. Hakwenda kuchungulia yeye, na mimi sikwenda.